Majiwe ya Muto Yalitukimbiza

Nasikia aibu mpaka leo, lakini bora niwaelezee mimi mwenyewe kabla wengine wawaelezee vibaya: mimi njo ule kijana alikimbiza watu na sufuria ya maharagi.

Siye vijana ya korali ya Rwambuzi tulipanga kushinda Jumamosi kando ya muto Shari, watu makumi tatu, na yaya Neema, dada yetu mukubwa na prezida wetu, akauliza nani atapika. Nikainua mukono. (Mu maisha yangu nilikuwa nimepika mayai tu, na siyo mingi.) Mabinti wakacheka mpaka wakashikana, kichwa ikanipanda, nikasema mutaona, maharagi na ndizi mu sufuria moja, mawese, kitunguu, chumvi, bei kidogo na kila mutu anashiba.

Kufika kule, ilibakia kutafuta majiwe tatu ya kuweka sufuria juu. Yaya Neema akanionesha kilima: "Chukua kule juu, ile ya kukauka." Lakini jua ilikuwa kali, na pale mu maji niliona majiwe tatu ya mviringo, laini kama mikate, nikasema kwani nani anakula majiwe, nikazitoa, nikawasha moto.

Harufu ikaanza kuita watu, mabinti wawili wakaonja muchuzi wakaomba tena (ushindi huo), mimi niko nakoroga na kuimba, njo jiwe ya kwanza ikapasuka. Paa, kama bunduki. Mutu wa Ituri akisikia vile haulizi. Na wa kwanza kukimbia alikuwa mimi mupishi, mwiko mu mukono, nalia "mulale chini" na mimi mwenyewe silali. Korali yote nyuma yangu, yaya Neema na kiatu moja, tukatokea ku barabara, wamama wenye kutoka shamba kutuona tu wakatupa mihogo wakakimbia nasi, motari akageuza pikipiki, wenye maduka wakafunga milango.

Tulisimama sababu pumzi iliisha. Muzee mumoja akauliza: "Wako wapi?"

"Nani, muzee?"

"Wenye kupiga."

Hakuna mutu alijua. Tukarudi polepole, tukakuta sufuria imelala, maharagi yote mu majivu, na pale pale jiwe ya pili ikapasuka mbele ya macho yetu. Yaya Neema akaangalia jiwe, akaangalia muto, akaniangalia.

"Ulitoa wapi?"

"Mu maji, yaya."

Mama mumoja alikaa chini kwa kucheka. "Mutoto yangu, jiwe ya muto imekunywa maji. Ukiichoma, inatapika."

Wamama wakatuonea huruma, wakasukuma jiwe ya tatu inje, wakachoma ku moto yangu mihogo waliyookota ku barabara, tukakula na chumvi, lakini mimi nilikula wa mwisho, sababu yaya Neema alinituma kwanza kugonga duka kwa duka: "Samahani, baba, mufungue tu, ilikuwa maharagi."

Basi nimeapa: wakinipa tena kupikia watu inje, nitakuja na mbabula, ile jiko ya chuma isiyoomba majiwe, na makala ya kuwasha, hata kama ni kuibeba juu ya kichwa toka Rwambuzi mpaka Shari na kila mutu ananiangalia.