Nilivyoinyamazisha Gari ya Mzee Shabani

Mwanangu, wewe nakuhesabu rafiki, ndiyo maana nakueleza jambo ambalo hata kwenye maombi nalisema kwa sauti ya chini. Umeniuliza swali dogo tu: ukianza kucheza gari za rimoti, ununue ya nitro, ile inayokunywa mafuta, au ya umeme? Ulidhani nitakujibu kwa maneno mawili, kwa sababu unajua ujana wangu niliumalizia kwenye hizo gari. Nitakujibu. Lakini kwanza nikupeleke kwenye Jumamosi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ambayo mpaka leo nikiikumbuka, chai mdomoni inageuka chungu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mchana nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya umeme pale Rwezamenyo, jioni nakwenda shule, maana sekondari niliiacha njiani tulipokuwa Tanzania, nikaja kuimalizia hapa Kigali nikiwa mtu mzima. Na Jumapili baada ya ibada, badala ya kurudi nyumbani, nilikuwa nashuka na gari yangu mpaka kwenye kiwanja cha udongo nyuma ya kanisa. Tulikuwa watu saba hivi tunaocheza pale. Mwanamke mimi peke yangu.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani. Alikuwa fundi wa pikipiki, amestaafu, mtu wa msikitini, mpole, kofia yake haikosi kichwani hata akiwa ameshika spana. Gari yake ilikuwa ya nitro. Ah, mwanangu, ile gari! Ukivuta kamba inakohoa, unavuta tena inakohoa, ya tatu inalia kama nyuki elfu, na moshi wake una harufu ya mafuta ya mbarika. Mzee alikuwa hana kipimajoto. Analowesha kidole kwa mate, anadondosha tone juu ya injini, anaangalia linavyochemka. Likikauka haraka sana, anasema, "Injini ina njaa," anafungua skrubu ya kabureta kidogo, anainamisha kichwa, anasikiliza. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, kile kitabu kinachokuja na gari hakikusaidii. Unasaidiwa na sikio lako. Na ikiwa mpya ulikuwa huruhusiwi kuikimbiza. Chupa nzima ya mafuta inaisha gari inazunguka polepole tu kama bibi harusi.

Mimi subira hiyo sikuwa nayo. Binamu yangu alivyoniletea gari ya umeme kutoka Kampala, nikaona mambo yangu yamenyooka. Betri naichaji dukani, naiweka, naondoka. Hakuna moshi, hakuna kukohoa, gauni langu la kanisani halichafuki. Kwenye mstari ulionyooka nilikuwa namwacha Mzee mbali, hata haya nilikuwa naona.

Lakini kulikuwa na kona ya mbali, kule kwenye ukuta. Pale ndipo aliponimaliza kila Jumapili. Mimi nikifika nashika breki, naogopa ukuta. Yeye gari yake inaingia pale karibu kabisa, kiasi cha mkono, inageuka, inatoka mbele yangu. Kila Jumapili. Na yule Inosenti, mwuza viatu, mdomo wake ulikuwa hautulii: "Eh, Esta! Umeme wa Serikali umekatika tena kwenye kona?" Watu wanacheka. Mimi nacheka nao, ila moyoni nimevimba.

Miezi ikapita hivyo. Nilibadilisha matairi, nikabadilisha betri, nikafunga na kuomba. Ndiyo, usinicheke, niliomba Mungu anipe ushindi kwenye mchezo wa gari za rimoti. Hakunipa. Basi nikaamua kujisaidia mwenyewe.

Unajua baada ya umuganda, tukishamaliza kufyeka na kuzibua mitaro, wakazi tunakaa chini kwa mkutano, na mwenye neno anasimama. Jumamosi ile nikasimama. Jembe nimeliegemea, kitambaa kichwani, sauti ya unyenyekevu kabisa. Nikasema kwamba Jumapili mchana akina mama wanakuwa na maombi kanisani, wanawaombea wagonjwa, na kuna gari za mafuta zinapiga kelele pale nyuma mpaka Neno la Mungu halisikiki. Nikasema sina ugomvi na mtu. Nikasema hata sisi wenye gari za umeme tunacheza palepale na hatumsumbui yeyote. Nikamaliza na Haleluya.

Na kelele zilikuwepo, sikutunga. Lakini sikiliza jambo ambalo hakuna aliyelisema pale, ingawa Mzee Shabani alilijua vizuri. Hayo maombi ya akina mama mimi nilikuwa siendi. Ningeendaje? Muda huohuo nilikuwa kiwanjani na rimoti mkononi.

Mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa mtaa wetu, akauliza, "Mnasemaje?" Watu wakanyoosha mikono. Nani atapinga maombi ya wagonjwa? Ikapitishwa palepale: kiwanjani gari za umeme tu. Nikamtazama Mzee. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, mikono juu ya mpini wa jembe. Angeweza kusimama aseme neno moja tu, "Muulizeni huyu dada mara ya mwisho kuhudhuria ilikuwa lini," na mimi ningeaibika mpaka leo. Hakusimama.

Mkutano ulipoisha akanifuata njiani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Akasema, "Binti yangu, ungeniambia umechoka kushindwa, ningekufundisha ile kona."

Nikamjibu, "Mzee, hili ni jambo la kiroho."

"Haya," akasema. "Ila Mungu usimtume kazi yako." Akaenda zake.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, tukamwona anashuka na mfuko. Kumbe amenunua gari ya umeme, kuukuu, ya mtu aliyekuwa anahama. Tukashangilia. Inosenti akapiga saluti: "Muzee ameokoka! Ameacha pombe ya magari!" Mzee akacheka naye. Akaiweka gari chini karibu na yangu, tukaanza mbio.

Mstari wa kwanza alikwenda vizuri. Ilipokaribia ukuta, gari yake haikugeuka. Ikapiga ukuta moja kwa moja, paa! Tukaenda kuichukua, tukamrudishia. Akajaribu tena. Safari hii aligeuza mapema mno, ikaanza kuzunguka peke yake katikati ya kiwanja, na yeye anakodoa macho upande mwingine kabisa. Akauliza, "Iko wapi?"

Inosenti akasema, "Muzee, iko mbele yako, umelala?"

"Iko wapi, jamani?" akauliza tena, na mimi, mwanangu, mimi niliyewatetea wagonjwa mkutanoni, nikapaza sauti: "Iko mbinguni, Mzee, wewe piga magoti tu!"

Walicheka watu, mwingine mpaka akakaa chini. Mara ya tatu gari ikatumbukia kwenye mtaro, gurudumu la mbele likang'oka. Mzee akaomba mtu amwokotee. Akafuta tope kwa shati lake, akaitia kwenye mfuko, akasema, "Haya vijana, mchezo mwema." Siku hiyo nilishinda, nikapewa kikombe. Kile ndicho kikawa kikombe changu cha kwanza, kikombe cha plastiki cha kunywea uji, na nilikipeleka nyumbani nikakiweka juu ya kabati.

Hakurudi tena kiwanjani.

Mwezi ukakatika. Siku moja niko dukani, akaingia mke wake, Mama Zaina, anataka taa ya kung'aa kuliko zote nilizonazo. Nikamwonyesha. Akasema hapana, zaidi ya hiyo. Nikamtania, "Mama, mnataka kuwaka kama uwanja wa ndege?"

Akasema, "Ni Mzee. Jicho moja limekwisha kabisa, na hili la pili anaona kama mtu aliye ndani ya moshi. Sasa ni mwaka wa pili huu. Daktari anasema amechelewa."

Nikamwuliza, "Mwaka wa pili? Sasa gari alikuwa anaiendeshaje?"

Mama Zaina akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Si alikuwa anaisikia? Ikifika mbali haoni kitu, anafuata mlio. Kule kwenye ukuta mlio unamrudia, ndiyo anajua sasa ageuze. Alikuwa ananiambia, Mama Zaina, kule kwenye kona ndiko naona vizuri kuliko pote." Akachukua taa, akafungua kanga yake atoe pesa, nami nilishindwa kuzipokea. Siku ile hakuwepo, hakujua ni nani aliyesimama mkutanoni. Mzee hakumwambia.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtu ambaye alikuwa karibu kipofu alikuwa ananishinda kwa masikio, na mimi nikayachukua masikio yake kwa jina la Bwana.

Umuganda uliofuata nilikwenda nimedhamiria. Mkutanoni nikasimama, nikasema naomba lile jambo la kiwanja tulitazame upya, gari za mafuta ziruhusiwe hata saa moja. Mkuu wa mudugudu akashangaa. "Dada Esta, si wewe uliyetuambia habari za wagonjwa? Wamepona wote?" Watu wakacheka. Mama mmoja wa maombi akadakia kwa upole kabisa, "Dada, tangu siku ile tunaomba kwa utulivu sana. Mungu akubariki kwa kututetea." Wengine wakaitikia Amina.

Nilikuwa na njia moja tu. Niseme, "Jamani, niliwadanganya. Nilikuwa na wivu." Maneno machache tu. Nikafungua mdomo, nikamwangalia mama mkwe wangu amekaa mstari wa mbele, nikawaangalia wanakwaya wenzangu. Nikasema, "Basi, nilikuwa naulizia tu." Nikakaa. Mwanangu, kosa la kwanza nililifanya kwa ujana. Hili la pili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, nikijua kila kitu.

Mzee akahamia Kabuga, nje kidogo ya mji, kwa binti yake. Mimi ilinichukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kupanda basi kumfuata. Nilimkuta amekaa barazani, uso ameuelekeza barabarani, anasikiliza pikipiki zinazopita. Nikabisha hodi. "Karibu, wa umeme," akasema, kabla sijajitaja. Tukanywa chai. Nikamwambia yote, kuhusu wivu, kuhusu maombi nisiyoyahudhuria, kuhusu ule mkutano wa pili. Nililia.

Mwisho akasema, "Mimi nimekusamehe, na nilikusamehe siku ileile. Lakini wale watu uliowaambia, mimi siwezi kwenda kuwaambia badala yako."

Nikaahidi nitawaambia. Nikapanda basi nikarudi. Sikuwaambia. Msiba wake niliusikia kwa Inosenti, wameshazika.

Tangu mwaka ule sijakosa maombi ya akina mama hata Jumapili moja. Nikiwa mjamzito nilikwenda, nikiwa na malaria nilikwenda. Watu husema Mama huyu ana moyo wa ibada. Nawaacha waseme. Pale ndani ni kimya, dirisha linaangalia kiwanja, na kile kimya mimi najua kilipatikanaje. Wenzangu wanasali ndani yake. Mimi nakaa nacho.

Sasa nikujibu swali lako. Kama una muda wa kuichokoachokoa injini, kama mikono yako haiogopi mafuta, kama una mtu wa kukuletea hayo mafuta toka nje na unajua kusikiliza, chukua nitro. Chujio la hewa lisafishe kila unapocheza, vumbi hili letu jekundu linaua injini kabla hujaifurahia. Lakini nenda kwanza kwa majirani, mmoja mmoja, uwaulize saa gani hawapumziki, saa gani hawasali. Kama saa zako ni chache na mnaishi ukuta kwa ukuta, chukua ya umeme, ila betri usiiache ikichaji peke yake, na ikivimba itoe nje ya nyumba. Zote mbili ni nzuri. Mimi sina ugomvi tena na gari.

Ninachokuomba ni kwamba usichague kwa ajili ya kumkomoa mtu. Ukishindwa na mtu kwenye kona, mfuate umwambie, "Nimeshindwa, nionyeshe." Mdomo hautapasuka. Na siku utakayosikia moyo wako umeuma kwa wivu, usikimbilie kuuvalisha nguo za kanisani, maana ukishaweka jina la Mungu juu ya uongo wako, siku ya kutaka kuutoa watu watakuambia Amina, na utabaki umekaa. Na kama umekwisha kosa, sema mapema, sema palepale ulipokosea, mbele ya walewale. Msamaha wa mtu mmoja barazani ni mtamu, lakini haukumalizii kazi.

Mungu akupe jicho linaloona na sikio linalosikia, na akikunyima moja, akuzungushie watu wenye huruma kuliko nilivyokuwa mimi. Akutunze, akukuze, akufanye mtu ambaye wazee hawamwogopi.

Na haya niliyokueleza usikae nayo. Wasimulie wenzako unaocheza nao, msimulie na yeyote anayetoka mitaa ile ya Rwezamenyo. Wengi waliokaa mkutanoni siku ile bado wako hai, na wako ambao mpaka leo wananishukuru. Waambie Esta alisema uongo. Waambie Mzee Shabani hakumsumbua mtu kwa makusudi, alikuwa anatafuta njia yake. Jina langu usilifiche.