Tawi la Mkarafuu na Jina la Hamadi

Ipo asubuhi moja ya msimu wa karafuu, mwanangu, ambayo nimechoka kuikumbuka, nayo haijanichoka. Nilikuwa nimetoka chuoni, najiona nimesoma. Rafiki yangu Hamadi wa Kengeja alikuja kuchuma katika shamba la babu yangu, karibu na Gombani. Alikuwa hodari wa upembo, ile fimbo yenye ndoana ya kuvutia matawi. Tawi la mkarafuu hupindwa taratibu. Ukilivuta kwa pupa huvunjika, na mvunja matawi hapokewi na shamba lolote.

Asubuhi hiyo tawi kubwa lilikutwa chini. Wachumaji wakanong'ona kuwa ni Hamadi. Babu aliponiuliza, nikajibu bila kusita, "Ni Hamadi, babu."

"Wee Omar," akasema Hamadi, "umeniona?"

Nikageuza uso. Akachukua pakacha lake, akaenda zake.

Alasiri babu akanipeleka mtini. Ndani ya tawi mlikuwa na mchwa watupu.

"Ulimuona?"

"Nilisikia, babu."

"Chuo chote hicho, na tawi hukulitazama! Kesho Kengeja, ukamtake radhi."

Nilimkuta Hamadi akipalilia muhogo. Habari ilikwisha kumtangulia. Msimu ule hakuna aliyemwita kuchuma. Alinisikiliza, akanipa maji.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila kwenu sirudi."

Hakurudi. Kila aliponiona sokoni Chake Chake alipinda njia, akapitia kichochoro cha pili. Mwaka juzi nilimzika, nikiwa nyuma kabisa ya safu.

Mwanangu, tunasema kupinda kwa mambo mengi. Mshoni hupinda pindo nguo isifumuke. Mkulima hupinda mgongo apate chakula. Tawi hupindwa, likiachiwa hurudi juu. Hayo yote sina ugomvi nayo. Lakini nilipinda ushahidi mara moja tu, kwa maneno matatu, na nimeshindwa kuunyoosha umri wangu wote.

Leo mnaletewa habari za watu kwenye simu, mnazisambaza kabla hamjamaliza kuzisoma. Usiseme umejua kitu ulichokisikia tu. Ukiulizwa, nenda ukatazame. Ukishindwa kutazama, sema "sijui" wala usione haya. Na ukikosea, rekebisha siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale waliokusikia.

Mwenyezi Mungu aunyooshe ulimi wako, mwanangu, na asikujaalie kuona rafiki akipinda njia kwa sababu yako. Amin.