Akwariamu ya baba ilipasuka mbele ya wakwe, na mimi nilikuwa nimekatazwa kusema

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimesoma humu nyuzi za watu walioharibikiwa siku ya posa, nikaona nilete na ya kwangu. Sitatia chumvi. Mume wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, na yeye siku ile alianguka vibaya kuliko wote.

Kiswahili changu ni cha Kamina, Katanga. Mkikuta "iko" nyingi, vumilieni.

Ilikuwa wakati wa Zaire. Baba yangu alikuwa adjudant, mwanajeshi wa cheo chini ya luteni, pale Base, kambi ya ndege za jeshi, tukikaa kwenye nyumba za wanajeshi. Mwalimu mmoja mzungu wa mambo ya ndege alipomaliza kazi na kurudi kwao, alimwachia baba akwariamu. Sanduku la vioo, refu kama kitanda cha mtoto, na kimashine chake cha kupuliza hewa.

Wale samaki wa rangi rangi wa mzungu walikufa haraka. Baba hakukata tamaa. Akaagiza samaki wa kawaida kutoka Bukama, wakaja na treni ndani ya ndoo. Tilapia wadogo, na kambale mmoja mwenye sharubu ambaye mama alimwita "Citoyen", yaani Mwananchi, kama tulivyoitwa sote enzi zile, maana alikuwa na uso wa mtu anayengoja mshahara.

Tangu siku hiyo baba hakuwa tena adjudant. Alikuwa mwenye akwariamu. Mgeni hapewi maji kabla hajaonyeshwa samaki.

Sasa, mchumba wangu Ilunga alikuwa mtu wa Bukama. Familia yake ikatuma habari kwamba wanakuja kuzungumza mambo ya mahari. Watakuja watatu: Ilunga mwenyewe, mjomba wake ambaye kazi yake ilikuwa kuuza samaki, na shangazi yake.

Huyo shangazi ndiye aliyekuwa shida. Alikuwa ameshasema wazi kwamba binti wa Base hafai. Eti tumelelewa kwa biskuti za jeshi, hatujui kutwanga, na tunasubiri kuamrishwa ndipo tusogee.

Asubuhi ya siku yenyewe baba aliniita.

"Leo unakala kimya," akasema. "Macho chini. Mwanamuke wa kuolewa hasemake mbele ya bantu bakubwa. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Halafu akapanga viti kama anapanga kikosi. Akwariamu ilikuwa juu ya kabati fupi. Kiti kizuri kabisa akakiweka ubavuni mwake, cha shangazi. Mimi nikatandikiwa mkeka chini, mbele ya kabati, ili wageni wakitazama upande ule waone fahari zake zote mbili kwa mpigo.

Hapa nisimame kidogo, niwaambie jambo ambalo mimi nilikuja kulijua jioni. Mama yake baba, Nkambo, alikuwa amefika kutoka Kabongo kwa ajili ya shughuli. Ilikuwa kiangazi, na wanaoijua Kamina wanajua baridi ya asubuhi ya kiangazi. Sisi tukiwa jikoni, Nkambo alipita salon, yaani sebuleni, akawaona samaki wametulia chini, hawachezi. Akawahurumia. Akachukua birika la maji ya chai, akawamiminia kwenye kona moja ili wapate joto.

Mnaojua vioo mmeshaelewa: kioo baridi kikikutana na maji moto hupata ufa. Birika akalificha nyuma ya kabati, akaenda zake kuchambua mboga.

Wageni wakaingia. Mjomba alikuwa amevaa abacost nyeusi, ile suti ya Zaire isiyo na tai, iliyonyooshwa mpaka inang'aa. Shangazi alijifunga pagne, kitenge kipya bado kina harufu ya duka. Ilunga alinitazama mara moja, nami nikashusha macho kama nilivyofundishwa.

Mjomba alipoona akwariamu akasogea, akachungulia.

"Citoyen adjudant," akasema, "hii samaki munakulaka siku gani?"

"Ile haiko ya kula," baba akajibu. "Iko ya kuangalia."

Mjomba akafikiri. "Na sisi Bukama tunaangaliaka. Kisha tunakula."

Mazungumzo yakaanza. Baba akataja mbuzi, mablanketi, suti yake, na vitu vingine ambavyo hata mama hakuwa amevisikia. Shangazi akawa anaguna kwa kila kimoja.

Mimi macho chini.

Wakuu, faida ya macho chini ni kwamba unaona chini. Salon nzima, mtu pekee aliyekuwa akitazama sakafu ni mimi. Nikaona kamstari ka maji kanatoka chini ya kabati, taratibu, kanapita kando ya mkeka kuelekea viatu vya shangazi.

Nikakohoa. Mama, aliyekaa kando yangu, akanifinya.

Nikakohoa tena. Akanifinya penye nyama zaidi.

Nikanyoosha mguu nizibe kwa kisigino. Maji yakazunguka kisigino. Nikavuta pindo la nguo yangu nifute. Shangazi akaniona najipinda-pinda, akamwambia mjomba kwa sauti ya kusikika, "Hata kukala chini hajue."

Hapo ndipo nikaona jambo baya zaidi. Kile kimashine cha hewa na radio ya baba vilikuwa vimechomekwa kwenye waya mmoja wa umeme, courant kama tunavyosema, na prise yake, yaani soketi, ililala sakafuni, nyuma ya kiti cha shangazi. Maji yalikuwa yanaielekea.

Nikainua kichwa. Nikasema maneno yangu ya kwanza kabisa kwa mkwe.

"Mama, inua miguu."

Shangazi akanigeukia.

"Umesema nini?" shangazi akauliza.

"Inua miguu, mama. Maji inakuya kwa courant."

Hakuangalia chini. Alimwangalia baba. "Adjudant, mutoto yako bado hajaolewa, anaanza kunikomanda."

Baba akafungua mdomo anikaripie, na kioo kikajibu mahali pake. Kwanza tk, kama mtu anavunja kijiti. Halafu upande wote wa mbele ukaachia.

Sikungoja ruhusa. Niliruka na mkeka ukiwa umenishika miguuni, nikakimbilia kwenye korido lilipo sanduku la umeme, nikashusha swichi kubwa. Radio ikakatika katikati ya neno.

Niliporudi, kidogo nisahau nilichokuwa nikiogopa.

Sakafu yetu ilikuwa ya simenti nyekundu, na mama alikuwa ameipaka nta siku ile ile. Ilunga aliinuka kumwokoa shangazi, akateleza, akaenda kwa makalio mpaka chini ya kiti cha shangazi, akambeba na kiti. Shangazi akatua juu yake. Tilapia mmoja alikuwa anapiga piga kwenye mapaja ya shangazi, na yeye ameshika pochi juu kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto.

Baba alisimama katikati anatoa amri. "Kamata ile. Funga mulango. Wewe, huku." Hakuna aliyejua nani ni "wewe".

Aliyefanya kazi ni mjomba. Alivua viatu, akapiga magoti na abacost yake, akakusanya samaki mmoja mmoja kwa mikono mitupu, bila haraka, anawatupa kwenye sufuria ya mama. Kambale alikuwa ameshafika jikoni peke yake.

Na jikoni alikuwepo Nkambo.

Tulipomaliza kukamua matambara, moshi wa kitunguu ulikuwa umeshajaa nyumba. Mjomba alikuwa amempelekea sufuria awatilie samaki maji safi. Yeye akawatilia mafuta. Baba alipomuuliza kwa nini, mama akiwa amesimama na lile birika alilolikuta nyuma ya kabati, Nkambo alijibu bila kugeuka: "Balikuwa na baridi. Sasa baridi imeisha."

Baba alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi.

Kilichobaki ni mahari, na watu wote wameloa. Ikabidi tugawe nguo. Shangazi akapewa kanzu ya mama, yaani gauni. Abacost ilianikwa uani, mjomba akajifunga pagne ya maua kiunoni. Suruali ya baba nayo ilikuwa maji matupu, na uniform hakutaka kuivaa kwa jambo la nyumbani, kwa hiyo akakaa na kaptula yake ya michezo.

Niwaambie ukweli, hakuna mwanaume anayeweza kudai mbuzi wengi akiwa na kaptula, magoti yanatetemeka kwa baridi. Baba alipunguza. Mjomba, na maua yake kiunoni, naye hakuwa na nguvu ya kubisha. Waliafikiana kabla bukari, ugali wetu, haijapoa. Tukala samaki. Baba alisema yeye hatakula, kisha akala kichwa cha kambale, akasema kina miiba.

Wakati wa kuaga shangazi akanivuta mpaka kwenye mlango.

"Courant ingeniua?" akauliza.

"Sijue, mama. Nilikuwa na woga."

Akatengeneza kanzu ya watu mwilini mwake. "Siku ingine ukiniona nimekala pabaya, usikohoe. Sema mara moja. Na kama sisikie, unisukume."

Basi wakuu, tukaoana. Aliishi nasi miaka yake ya mwisho, na niliwahi kumsukuma mara moja, ila huo ni ugomvi wa ndani.

Funzo nililopata: adabu ni kitu kizuri, lakini haizuii maji. Ukiona hatari chini ya miguu ya mkubwa, mwambie, kisha uombe radhi yeye akiwa mzima. Na wenye akwariamu, waya usilale sakafuni.

Mume wangu anasema hakuteleza, alisukumwa. Naomba maoni yenu, hasa nyinyi mnaojua sakafu za nta.