Mifuko Kumi na Minane ya Kulalia

Jumamosi, tarehe 7 Machi 1987, alikabidhiwa funguo mbili za stoo ya kikundi cha vijana, akatia sahihi. Karatasi hiyo bado imebandikwa nyuma ya mlango. Wino umepauka, lakini tarehe inasomeka. Alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi cherehani, na alidhani anamshikia mtu nafasi kwa msimu mmoja tu. Watoto walimwita Mama Stoo. Watoto wa watoto hao sasa wanamwita Bibi Stoo.

Enzi hizo hema moja la turubai lilibebwa na watoto wanne, na likilowa lilitaka sita. Vikombe vilikuwa vya bati, taa zilikuwa kandili, na kamba za katani zilichubua viganja. Leo hema linaingia kwapani kama mkate. Bibi Stoo hawezi kusema ya zamani yalikuwa bora, yalivuja. Lakini akifungua kabati la chini, ambamo limebaki turubai moja, harufu yake humrudisha kwenye asubuhi za kuvunja kambi: watoto wamejipanga wakivuta ncha kwa wimbo, na yeye mwenyewe ana kiuno cha kuinama kutwa nzima.

Kuchagua vifaa, kwake, ni kazi ya kupima. Rangi hairuhusiwi kutajwa. Akishavaa buti, mtoto hupiga teke ukutani mara tatu; kidole gumba kikigusa mbele, buti linarudi kwenye rafu. Shanta hujazwa vitabu chakavu, mtoto akapanda ngazi za jukwaa la ukumbi na kushuka, kisha Bibi Stoo humtania. Akicheka bila kuhema, shanta ni lake. Akitabasamu tu kwa adabu, kitabu kimoja kinatolewa.

Mfuko wa kulalia ndio usio na mzaha. Mtoto hujilaza sakafuni ndani yake, naye hupima nafasi iliyobaki chini ya nyayo: kiganja kimoja, basi. Ikizidi hapo, mwili utahangaika kupasha moto hewa tupu hadi kuche. Wazazi waliozoea kununua sare za miaka miwili mbele hawaelewi. "Atakua tu," husema. Naye huwajibu kwamba mtoto atakua mwakani, baridi ni ya Ijumaa hii.

Somo hilo alilipata kwa binti yake mwenyewe. Mwaka 1994 mifuko ya watoto ilipungua mmoja. Binti alikuwa na miaka tisa, ilikuwa safari yake ya kwanza, na mwezi mzima pale nyumbani hapakuwa na hadithi nyingine ila ya kambi. Mama Stoo aliwagawia watoto wa wenzake kwanza. Wa kwake akamwachia mfuko wa mtu mzima, watu wasije wakasema anapendelea. Mtoto alirudi na homa, macho yamezama. Hakulalamika. Alikataa tu kwenda tena, mwaka ule na yote iliyofuata, na jambo lenyewe halikuwahi kuzungumzwa.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya kugawa. Watoto walikuwa kumi na tisa, mifuko ya watoto kumi na minane, na mmoja mrefu. Saa mbili kasoro, kufuli halijafunguliwa, binti alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe wa kike wa miaka tisa. Fomu ya ruhusa alikuwa nayo mkononi, haijatiwa sahihi.

"Mke mwenzangu," Bibi Stoo alimwambia mjukuu, "leo umewaamsha majogoo?"

"Mama ndiye kaniamsha," mtoto akashtaki.

Ndani, binti alilitazama rundo la mifuko, akahesabu kwa macho.

"Umepungua mmoja, Mama."

"Umepungua."

"Mrefu kama huo ndio niliolalia mimi. Nilikunja miguu mpaka magoti yakafika kidevuni, na bado chini kulikuwa na baridi kama mtoni."

"Hukuniambia, mwanangu."

"Ningekuambia, ungempokonya nani?"

Bibi Stoo alipiga magoti sakafuni. Alimlaza mjukuu ndani ya mfuko wa watoto, akapima. Kiganja kimoja, sawasawa. Mkono ukabaki pale muda mrefu kuliko kipimo kilivyohitaji. Mazoea yalimwambia amtoe, jina lake liandikwe la mwisho. Nyuma yao foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, na dereva wa lori, baba wa mapacha, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe stoo nayo ina wenyewe."

Watu walicheka. Binti aliinama, akaanza kumfungulia mtoto zipu.

"Mwache," alisema Bibi Stoo, kisha akamgeukia dereva. "Huyu ni mjukuu wangu. Amefika wa kwanza, anaandikwa wa kwanza. Wewe saa hiyo ulikuwa unakunywa chai."

Safari hii walicheka zaidi, na dereva mwenyewe kati yao. Jina likaandikwa juu kabisa ya ukurasa. Binti aliweka fomu juu ya shanta, akatia sahihi.

Mfuko mrefu ulimwangukia mtoto wa kumi na tisa, kisichana chembamba cha muuza maua. Bibi Stoo alimlaza, akatia alama ya chaki chini ya nyayo zake, akaupeleka mfuko kwenye cherehani yake ya tangu zamani, pale pembeni, na kuukatiza kwa mishono miwili, binti akishika upande wa pili usiteleze. Mtoto akajilaza tena. Kiganja kimoja.

"Kumbe ni dakika kumi tu," alisema binti.

"Dakika kumi," alisema mama yake. "Na cherehani ilikuwa hapahapa."

Basi litaondoka Ijumaa saa moja asubuhi. Vifaa vitarudi Jumatatu, na vitaanikwa uani kwa siku mbili. Orodha ya waanikaji kwa kawaida huwa na jina moja, la Bibi Stoo. Safari hii yamo mawili.