Njiwa wa Mwenye Nyumba

Kila asubuhi mwenye nyumba wetu hupanda juu ya paa, akalowesha kidole kwa mate, akakiinua hewani kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Akishajua upepo unatoka wapi, hugeuza mbao za banda la njiwa wake kidogo kidogo, kwa vidole vinene vyenye pumba kwenye kucha, akiwabembeleza kwa sauti ambayo sisi wapangaji hatujawahi kuelekezewa. Joto likizidi, huwanyunyizia maji. Baridi ikija, hushusha gunia upande mmoja tu, wasije wakakosa hewa.

Na mtu huyu huyu ndiye aliyeziba dirisha letu kwa matofali, eti apate stoo ya chakula cha njiwa! Tangu hapo kuta zinatoa jasho, nguo zinaota ukungu kabatini, na mama mkwe wangu hulala ameketi, kifua kikimlia kama filimbi. Jana nilipanda kumwomba atoboe japo tundu moja. Hata hakugeuka. "Upepo utamletea mafua, mwanangu. Mtu wa umri ule ni wa kufunikwa." Mara uso ukamsawijika. Ubao mmoja wa banda ulikuwa umeteleza ukaziba tundu, na ndani njiwa alikuwa anahema, mdomo wazi. Akambeba kifuani, akampepea kwa kofia yake. "Pole, baba, pole." Kisha akanigeukia, macho mekundu kwa hasira. "Kiumbe chenye pumzi kinafungiwaje hivi?"