Penzi Limekupwa

Juzi nilikuwa nanunua korosho kando ya barabara pale Bungu, simu ya muuzaji ikaanza kupiga ule wimbo wa zamani, na papo hapo nikasikia harufu ya tope la mikoko.

Nikawa mtoto tena, niko dunguni na mama, kwetu Mbwera, kwenye kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia mpunga. Redio kaseti ilikuwa katikati yetu, betri zake tumezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Mwimbaji aliimba taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto, kwamba penzi lake limekupwa. Mama akaacha kuwarushia ndege madongo, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

Sikuelewa. Kwetu maji yakikupwa mtumbwi ukakwama, halii mtu; watu hukaa wakangoja.

"Mama, huyu analia nini? Maji yakikupwa si yanajaa tena?"

Mama alinitazama, kisha akacheka mpaka dungu likatikisika. "Haya, mwanangu, tumngojee yajae." Akarudisha kaseti nyuma, tukausikiliza upya.

Baba alikuwa ameondoka msimu uliotangulia, wala sikuyaunganisha hayo mawili. Hakurudi. Leo ninamvulia kofia mtunzi yule: huzuni yote ile aliitia katika neno moja tulilokuwa nalo mdomoni kila siku.

"Dada, nikuzimie wimbo?" muuza korosho aliniuliza, akiniona nimesimama tu.

"Uache, mdogo wangu," nikamwambia. "Ngoja kwanza yajae."