Mkate wa Kifudifudi

Pale Saint-Orlin mkate haulazwi kifudifudi mezani. Ukiuacha hivyo, hata uwe mgeni wa heshima, mwenyeji ataugeuza huku anakusikiliza, kama anavyofukuza nzi. Zamani za wafalme, waokaji walimwekea mkata vichwa wa mfalme mkate wake pembeni, kitako juu, ili mtu mwingine asiuguse. Mkata vichwa huyo kaoza siku nyingi, ila woga wake ulibaki palepale.

Kwa hiyo, Wajerumani walioiteka nchi walipokwisha kuondoka, Gaspard mwokaji alipoupindua mkate wa Honorine Vaubrun na kuulaza kifudifudi juu ya kaunta, mbele ya wanawake wote waliopanga foleni, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Honorine alilipa, akautia kikapuni vilevile, akatoka. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mwokaji mwingine, angeweza kwenda. Hakwenda, maana moyoni aliona ni stahili yake.

Honorine alikuwa dobi. Mama yao alikufa mapema, akamwachia mdogo wake, Anselme, na baba mwenye mkanda mwepesi. Anselme akivunja sahani, Honorine ndiye aliyesema, "Ni mimi, baba," na mkanda ukamshukia yeye. Fundi magurudumu mmoja alikuja kuposa, akaambiwa asubiri kidogo Anselme amalize shule. Alisubiri, akachoka, akaoa kwingine. Magadi yakaendelea kumla Honorine vidole, na Anselme akaendelea kupanda madarasa mpaka akafika Paris, akawa mwandishi wa vitabu.

Na vitabu vyenyewe vilikuwa vya Saint-Orlin: mto wetu, ng'ombe wetu, wazee wetu na matusi yao. Honorine kusoma kulimpiga chenga, kwa hiyo Jumapili baada ya misa, Aurélien, mtoto wa pekee wa Gaspard, alikuja kumsomea jikoni. Kijana alivipenda vitabu vile kuliko unga wa baba yake.

"Bi Honorine, hapa kaandika una mikono ya malkia."

"Malkia gani anafua soksi za padri? Soma, acha uongo."

"Si mimi, ni mdogo wako kaandika."

"Basi waongo mko wawili."

Lakini ukurasa ule alimtaka ausome mara nyingi.

Vita vikaja, tukashindwa, na serikali mpya ikaketi mji wa Vichy kula sahani moja na Wajerumani. Ilikuwa inatafuta mtu wa kusifu jembe na kijiji, na Anselme alikuwa na kinyongo na Paris, ambako vitabu vyake vilikuwa vimeanza kuchekwa. Wakampa ofisi, wakampa gari jeusi, wakamwita naibu waziri. Aliyekuwa akiwaandika watu wa shamba sasa akawa anawasemea redioni bila kuwauliza.

Wala mtu asikudanganye kwamba kijiji kilimchukia tangu mwanzo. Siku alipokuja na gari lile, tulijazana mlangoni kwa dada yake. Alikula supu ya kabichi, ilipobaki kidogo akaimiminia divai, akanyanyua bakuli kwa mikono miwili akanywa, kama baba yake, kama sisi sote. "Bado ni wetu huyu," watu wakasema. Waliokuja kumtemea mate baadaye ndio waliomfungulia mlango wa gari.

Kisha ikatoka amri kwamba vijana waende kufanya kazi viwandani Ujerumani. Anselme mwenyewe aliisifu redioni. Jina la Aurélien likatoka. Wenzake walikuwa wameshaingia msituni kujificha, naye alikuwa amefunga mzigo, viatu viko mlangoni. Gaspard akaja kwa Honorine, unga kichwani.

"Sijawahi kukuomba kitu, Bi Honorine."

"Niombe."

"Msituni wanapigwa risasi. Ujerumani nako wanapigwa mabomu. Muulize mdogo wako. Mimi ninaye huyo mmoja tu."

Honorine akaenda posta, akapiga simu. Sauti ya Anselme ilikuwa ya mtu mwenye wageni chumbani. "Dada, asiingie msituni, akiingia sitaweza kumtetea. Apande treni kama wengine. Nitamrudisha kabla ya mavuno ya viazi."

Honorine hata aproni hakuvua. Alikwenda moja kwa moja kwa mwokaji. "Anselme kaahidi."

"Kwa mdomo wake?" Gaspard akauliza.

"Kwa mdomo wake. Mwambie mtoto afungue mzigo."

Aurélien akacheka, akambusu Honorine kwenye paji la uso, akapanda treni. Viazi vikavunwa. Majira ya baridi bomu likaangukia kiwanda alichopangiwa, na Gaspard hakupata hata kiatu cha kuzika.

Basi ndiyo sababu ya mkate ule.

Wajerumani walipoondoka, Anselme alikamatwa karibu na mpaka akitoroka. Wakili wake, kijana nadhifu, akaja mpaka jikoni kwa Honorine.

"Bibi, kinachotaka kumuua ni vijana wale waliopelekwa Ujerumani. Nikipata mmoja tu ambaye mdogo wako alijaribu kumwokoa, majaji watampa kifungo na atabaki hai. Wewe sema alipiga simu Berlin kwa ajili ya mtoto wa mwokaji."

"Alipiga?"

Wakili akatazama kofia yake. "Nani atajua, bibi? Ni neno lako tu."

Honorine akampigia Anselme pasi shati la kuvaa mahakamani. Kola aliirudia mpaka ikasimama yenyewe. Na safari nzima ya treni alilirudia neno lile kimoyomoyo: alipiga simu, alipiga simu. Alishasema uongo mwingi kwa ajili ya mtoto huyu. Mmoja zaidi ungemshinda nini?

Aliposimamishwa mbele ya majaji, Anselme alimtazama kutoka kizimbani, shati limemkaa vizuri. Alikuwa na macho yale yale ya sahani iliyovunjika. Hakuwa na wasiwasi kabisa. Alikuwa anasubiri dada yake aseme, kama siku zote.

Jaji akauliza, "Baada ya kukuahidi, mshtakiwa alifanya nini kwa ajili ya kijana huyo?"

Honorine alifungua mdomo kusema uongo. Badala yake akamwona Aurélien, kidole kwenye mstari, anacheka.

"Hakufanya kitu," akasema. "Hata jina lake hakuniuliza."

Anselme akainamisha kichwa. Hawakusemezana tena. Alipigwa risasi alfajiri moja ya baridi, akiwa na shati lile. Watu wa sheria wanasema majaji walikuwa na ushahidi wa kutosha hata bila dada yake, na mimi nadhani ni kweli. Lakini kamwambie hivyo mtu aliyemlea.

Magazeti yakafika Saint-Orlin. Honorine alipoingia dukani, wanawake wakampisha. Gaspard alikuwa ameshasoma yote. Akachagua mkate ulioiva vizuri, akaufuta unga kwa kiganja, akauweka juu ya kaunta sawasawa, mgongo juu.

"Chukua, Bi Honorine," akasema. "Sina neno na wewe tena. Ulisema kweli kwa ajili ya mtoto wangu."

 Honorine akanyoosha mkono wake uliobabuka, akaugeuza kifudifudi.

"Usifanye hivyo, dada yangu," Gaspard akasema.

"Siku zote ulikuwa unanipa mkate wa mdogo wangu, Gaspard," akamjibu taratibu. "Huu wa leo ndio wangu."

Akalipa, akautia kikapuni vilevile, akaenda nyumbani.